Afya Tatu, Maisha Sita

Kuna fomu ya maswali 30 ambayo mtu mwenye kansa anaweza kusomewa akiwa Oslo, Mumbai au Keroka. Swali la kwanza linauliza kama unapata shida kufanya kazi nzito, kisha linatoa mfano: kubeba mfuko mzito wa vitu vya dukani, au sanduku la safari. La pili linauliza kuhusu kutembea mwendo mrefu. La tatu, mwendo mfupi nje ya nyumba. La nne, kama inabidi ushinde kitandani au kwenye kiti. La tano, kama unahitaji mtu wa kukusaidia kula, kuvaa, kuoga au kwenda choo. Ukiyafuata moja baada ya lingine unaona yanakuteremsha ngazi, kutoka barabarani hadi kitandani, na hayasemi yanakupeleka wapi.

Shangazi yangu hakuwahi kuwa na sanduku la safari. Kwa miaka zaidi ya 30 alichobeba ni kikapu cha majani chai mgongoni, kutoka shambani hadi kituo cha kupimia, nje kidogo ya Keroka. Keroka ni mji uliokalia mpaka, nusu yake iko Kisii na nusu iko Nyamira. Shamba la shangazi liko upande wa Nyamira, kanisa lake upande wa Kisii. Alikuwa na kansa ya koo la chakula. Mwanafunzi wa chuo aliyekuwa akifuatilia wagonjwa wa kliniki ya kansa mjini Kisii alikuja kumhoji nyumbani, na mimi nikawekwa niwe mtafsiri, kwa sababu fomu ilikuwa kwa Kiswahili na shangazi alikuwa mtu wa Ekegusii. Tulipofika kwenye sanduku la safari, nilisema kikapu. Mwanafunzi alikubali, lakini akaandika pembeni kwamba mfano umebadilishwa. "Lazima niandike," alisema. "Ukibadilisha swali, umebadilisha jibu."

Nikiwaambia marafiki zangu wa Nairobi kwamba kuna watu kazi yao ni kupima ubora wa maisha ya mgonjwa wa kansa kwa namba, wengi hucheka. Utapimaje maisha? Kwa kilo? Ni swali halali. Hata hivyo nimeona hiyo fomu ikifanya jambo ambalo kliniki, pasta, na ukoo mzima wenye grupu ya WhatsApp ya watu 74 hatukuwa tumefanya. Ilimuuliza.

*

Fomu yenyewe inaitwa QLQ-C30. Ilitengenezwa na EORTC, shirika la Ulaya la utafiti wa tiba ya kansa lenye makao Brussels, na ikachapishwa mwaka 1993. Imetafsiriwa katika lugha zaidi ya 100. Kwa jirani zetu Tanzania, wagonjwa wa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, wameshahojiwa nayo. Maswali mengi yanahusu wiki iliyopita tu. Maswali 28 yana majibu manne: hapana kabisa, kidogo, kiasi, sana. Mawili ya mwisho yana ngazi saba. Baadaye majibu yote yanageuzwa kuwa namba kati ya 0 na 100.

Kabla ya hapo mgonjwa hakuulizwa, alitazamwa. Katika miaka ya 1940, daktari wa Marekani David Karnofsky na wenzake walikuwa wakijaribu dawa za kwanza za kansa, na wakataka njia ya kusema kama mgonjwa amepata nafuu hata pale ambapo uvimbe haujaisha. Wakatengeneza kipimo cha 0 hadi 100. Mia moja ni mtu mzima asiye na malalamiko. Sabini ni mtu anayejihudumia lakini hawezi kazi yake ya kawaida. Sifuri ni maiti. Daktari anakuangalia unavyoingia mlangoni, anakupa namba. Madaktari bado wanatumia kipimo hicho, na kingine kifupi zaidi cha 0 hadi 5, kuamua kama mwili wako unaweza kuhimili dawa kali.

Kijijini kwetu hakuna aliyemjua Karnofsky, lakini kipimo chake kilikuwepo. Mwanzoni watu walisema shangazi siku hizi anachuma majani nusu siku. Baadaye wakasema anachumiwa. Kisha wakaona hayuko kanisani Sabato mbili mfululizo. Kila jirani alikuwa na namba yake kichwani, na zote zilipatana, kwa sababu wote walimpima kwa macho na kwa kazi. Kwa mkulima wa majani chai, kushuka kutoka 100 hadi 70 ni jambo la hadharani, maana hata mizani ya kituoni inajua.

Kitu ambacho macho hayakuona ni kumeza. Kansa ya koo la chakula ni ya watu wetu kwa namna ya peke yake. Watafiti wanazungumza juu ya ukanda unaoshuka mashariki mwa Afrika, kutoka Ethiopia hadi Afrika Kusini, ambako ugonjwa huu ni mwingi kuliko sehemu nyingine nyingi za dunia, na magharibi mwa Kenya tumo ndani. Kuhusu chanzo, vitu vingi vimetajwa, kikiwemo vinywaji vya moto sana. Mwaka 2016 shirika la IARC, tawi la Shirika la Afya Duniani linaloshughulikia kansa, lilisema vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 huenda vinasababisha kansa. Kila kliniki tuliyoenda tuliulizwa, mama huyu anakunywa chai moto? Shangazi alikuwa Msabato wa msimamo. Alichuma chai maisha yake yote na hakuinywa. Alikunywa uji wa wimbi, tena ule wa kutoka jikoni moja kwa moja, na alipoulizwa kuhusu chai alijibu hapana kwa dhamiri safi.

Ugonjwa huu unakuja polepole. Kwanza nyama inakwama. Halafu obokima, yaani ugali wetu. Halafu hata uji. Madaktari wana ngazi yao ya kumeza: 0 ni anayekula kila kitu, 1 ni anayemeza baadhi ya vyakula vigumu, 2, vyakula laini tu, 3, vitu vya majimaji tu, 4, hata mate hayashuki. Shangazi alipopelekwa Hospitali ya Tenwek, kule Bomet, alikuwa 3 akielekea 4. Tenwek ni mahali ambapo watu wa pande zetu wanapita Sotik na kwenda kuwekewa stenti, bomba la wavu wa chuma linalopanuka ndani ya koo na kuacha njia wazi. Madaktari wa huko wamefanya hivyo kwa miaka mingi, na mwaka 2009 walichapisha katika jarida la Lancet Oncology matokeo ya wagonjwa zaidi ya 500 ambao tiba yao ilikuwa stenti peke yake. Haiponyi kansa, na wao wenyewe wanakwambia hivyo kabla hujasaini. Kazi yake ni chakula.

Wiki tatu baada ya stenti, shangazi alikuwa anakula obokima laini, kipande kidogo kidogo, na mchuzi mwingi. Hapo ndipo mwanafunzi alipokuja na fomu yake.

*

Kuna utaratibu wa kutafsiri fomu kama hii. Watu wawili wanatafsiri kila mmoja kivyake, tafsiri zinalinganishwa, wengine wanairudisha kwa Kiingereza kuona kama imepotea njiani, kisha inajaribiwa kwa wagonjwa wachache. Kinachoepukwa ni kile hasa tulichokuwa tunafanya sisi: mpwa ameketi kwenye stuli, anageuza maneno papo hapo, huku binti wa mgonjwa akisahihisha kutoka jikoni.

Shida ya kwanza ilikuwa salamu. Kwetu ukimwuliza mtu mzima hali yake, jibu limeshawekwa tayari: mbuya. Vizuri. Neno hilohilo tunalitumia kushukuru. Kwa hivyo ukimwuliza shangazi, je, wiki iliyopita ulikuwa na maumivu, anasikia salamu, na anajibu kwa adabu. Mbuya. Mwanafunzi alikuwa ameshaizoea. Akaniambia nisiulize kama alikuwa na maumivu, niulize yalimwamsha usiku ngapi. Lakini hapo tena tunatoka kwenye fomu. Mwishowe tukawa tunasoma swali kama lilivyo, tunapokea mbuya, tunanyamaza kidogo, na jibu la kweli linafuata lenyewe. "Mbuya. Lakini usiku, hapa mgongoni, sana." Akatia alama kwenye nne.

Shida ya pili ilikuwa ya kuchekesha. Binti yake alikuwa akimwita mama yake "baba", maana kwa Ekegusii baba ni mama, na baba ni tata. Mwanafunzi, ambaye si wa kwetu, alisikia "baba amekula", "baba hataki dawa hiyo", na kwa nusu saa akaamini kuna mzee mgonjwa chumba cha pili ambaye hakuna aliyemtaja. Tulicheka, shangazi zaidi ya wote, mpaka akashika kifua.

Swali la 20 linauliza kama umepata shida kutuliza akili kwenye kitu, mfano kusoma gazeti au kutazama televisheni. Hapo tuliweka Egesa FM. Alisema taarifa ya habari anaisikia hadi mwisho, ila matangazo ya vifo siku hizi anayazima. Fomu haina mahali pa kuandika hilo.

Halafu tukafika swali la 22. Ni fupi sana. Je, ulikuwa na wasiwasi?

Lazima nieleze kitu. Shangazi hakuwa ameambiwa jina la ugonjwa wake. Nyumbani tuliita kidonda cha koo. Watoto wake walikubaliana hivyo tangu siku majibu yalipotoka, na si wao peke yao. Nendeni mkaulize katika familia zenu. Sababu tunazotoa ni za upendo: atakata tamaa, atakataa kula, mama ana presha. Karatasi ya ridhaa aliyotia dole gumba ilisema utafiti ni wa wagonjwa wa magonjwa ya muda mrefu. Na maswali 30 yenyewe, ukiyapitia yote, hayataji neno kansa hata mara moja. Yanasema hali ya mwili wako, au matibabu yako. Ingewezekana kabisa kumpima shangazi kuanzia mwanzo hadi mwisho bila yeye kujua anapimwa kuhusu nini.

Nilimsomea swali. Hakusema mbuya. Alimwangalia mwanafunzi, kisha akaniangalia mimi.

"Huyu mtoto ametoka mbali," alisema kwa Ekegusii, "amekuja kuniuliza kama nina wasiwasi. Mtu mwenye kidonda haulizwi hivyo. Ni kitu gani mnajua?"

Mwanafunzi hakuhitaji tafsiri. Alifunika kalamu, akasema kwa upole kwamba tunaweza kuacha hapo, ni haki ya mgonjwa. Binti yake alitoka jikoni akijifuta mikono kwenye leso. Alikaa chini miguuni pa mama yake, na akamwambia. Alitumia neno la Kiswahili, kansa, kwa sababu ndilo alilokuwa nalo. Akamwambia pia kwamba imefika kwenye ini, na kwamba kaka yake mkubwa anapanga kumpeleka Nairobi kwa matibabu ya mionzi.

Nilitegemea kilio. Shangazi alikaa kimya kwa muda wa kuivisha chai, kisha akauliza swali moja: "Na anauza nini?"

*

Kati ya maswali 30, moja tu ni la pesa. Ni la 28, linauliza kama hali yako au matibabu yamekuletea matatizo ya kifedha. Kwa watu waliolitunga, nadhani lilikuwa la kutosha. Mtu wa Ulaya akiumwa kuna bima, kuna gari la kumchukua. Huku kwetu, swali la 28 limejificha ndani ya mengine yote. Unapata usingizi? Inategemea kama deni la hospitali limelipwa. Umekosa hamu ya kula? Inategemea nani amekosa karo ili mimi nile. Ugonjwa umeingilia maisha ya familia? Grupu ya WhatsApp ilianza kama ya harusi, ikageuzwa jina kuwa ya matibabu, na watu wawili wakatoka usiku uleule.

Kutoka Kisii hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 300. Kwa miaka mingi Hospitali ya Kenyatta ilikuwa hospitali pekee ya umma yenye mashine ya mionzi nchini. Siku hizi kuna nyingine, Eldoret na Nakuru kwa mfano, lakini zote ni safari kwa mtu wa Keroka, na mionzi haitolewi siku moja. Ni vikao, siku baada ya siku, kwa hivyo kuna nauli, kuna chumba cha kukodi, kuna mtu wa kukaa naye ambaye ameacha kazi yake. Kaka yetu mkubwa alikuwa amepiga hesabu. Harambee ilikuwa imepata sehemu. Bonasi ya majani ya mwezi wa kumi ilishaliwa na stenti. Kilichobaki ni kipande cha shamba, kile cha bondeni chenye chai bora.

Sitamsema vibaya. Alikuwa Nairobi, mbali, na mtoto wa kwanza wa kiume akiwa mbali anapendwa au anachukiwa kulingana na anachotuma. Daktari alikuwa ameeleza kwamba mionzi katika hatua hii ingesaidia maumivu, pengine na kumeza, na si kuondoa ugonjwa. Lakini ukiwa mtoto wa kwanza, neno "kusaidia" linasikika kama "kuokoa". Na asipouza, na mama akafa, watu wa matanga watauliza nini? Watauliza alipelekwa wapi. Kwetu hicho nacho ni kipimo: mtoto anapimwa kwa umbali aliomfikisha mzazi wake. Ukisema India, hakuna mtu atakayekuuliza kama mama yako aliweza kulala.

Shangazi aliomba tuendelee na fomu. Mwanafunzi alimwuliza mara mbili kama ana uhakika. "Umeanza shamba, malizia mstari," alisema.

Wasiwasi: sana. Hasira: kidogo. Huzuni: kiasi, "lakini niulize tena kesho". Familia, sana. Pesa, sana, na hapo alimtazama binti yake mpaka binti akainamisha kichwa.

Kisha yale mawili ya mwisho, yenye ngazi saba. La 29 linauliza, wiki iliyopita afya yako kwa jumla ilikuwaje, kuanzia moja, mbaya sana, hadi saba, bora kabisa. Alitoa tatu. La 30 linauliza jambo linalofanana kwa maneno tofauti kidogo: ubora wa maisha yako kwa jumla ulikuwaje? Alitoa sita.

Nilidhani hajaelewa. Nilimsomea tena, polepole. Alinijibu kama mtu anayemweleza mtoto njia ya kwenda sokoni. Afya ni mwili, na mwili umekwisha, tatu ni huruma. Lakini maisha ya wiki iliyopita, alisema, ni kwamba amekaa mezani na watu akameza. Miezi minne alikuwa anakula peke yake jikoni kwa sababu ya kutema. Dada zake wamekuja kutoka Kisii. Majani yamechumwa. Na leo ameambiwa ukweli ndani ya nyumba yake, hakuusikia kwa jirani.

"Mbona si saba?" aliuliza mwanafunzi. Hilo halikuwa kwenye fomu.

"Saba ni ya mtu asiyeacha deni."

*

Baadaye mwanafunzi alinionyesha jinsi namba zinavyofanywa. Unachukua la 29 na la 30, unatafuta wastani. Tatu na sita, wastani ni nne na nusu. Unatoa moja, unagawa kwa sita, unazidisha kwa mia. Shangazi anapata 58.3. Hiyo ndiyo namba inayoingia kwenye jedwali chini ya jina "hali ya jumla ya afya na ubora wa maisha", inachanganywa na za wengine, na kesho mtu anaandika kwamba wagonjwa wa eneo hili wako katikati.

Nimeifikiria sana hiyo 58.3. Shangazi hakuwa katikati ya kitu chochote. Alikuwa chini sana upande mmoja na juu sana upande mwingine, na alizijua tofauti zake vizuri kuliko hesabu. Wanaosoma mambo haya wana jina la hali inayofanana na hiyo: mtu akipatwa na ugonjwa mkubwa, rula yenyewe hubadilika. Kilichokuwa mbili mwaka jana leo ni sita, kwa sababu amejua mbili halisi ikoje. Wengine huona hiyo ni dosari ya kipimo, inayofaa kusahihishwa. Mimi naona kwamba sita ile ilikuwa taarifa muhimu kuliko zote kwenye fomu, kwa sababu ilijibu swali ambalo ukoo ulikuwa unagombania bila kumwuliza mwenyewe. Ikiwa mtu aliye kwenye sita anajua kinachoiweka pale ni meza, dada zake na shamba lisilouzwa, basi kumtoa mezani, kumtenga na dada zake na kuuza shamba ili apate mionzi ya wiki kadhaa kunapaswa kuwa na sababu nzuri kuliko matanga.

Alimpigia mwanawe simu jioni ileile. Sikusikiliza yote. Nilisikia akimwambia shamba la bondeni lina jina lake, si la kansa.

*

Je, kuuliza kunasaidia chochote zaidi ya kujua? Kuna utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2017 ambao kila mtu mwenye mgonjwa angefaa kuusikia. Ethan Basch na wenzake waliwachukua wagonjwa 766 wa kansa iliyosambaa, katika hospitali ya Memorial Sloan Kettering, New York. Baadhi walihudumiwa kama kawaida. Wengine waliulizwa mara kwa mara, kupitia kompyuta, kuhusu dalili 12 za kawaida: maumivu, kichefuchefu, kukosa pumzi na kadhalika. Dalili ikizidi, nesi alipata ujumbe. Walioulizwa waliishi miezi 31.2 kwa makadirio ya kati. Wengine miezi 26. Miezi mitano, na hakuna dawa mpya iliyoongezwa. Mtu aliuliza, mwingine akachukua hatua.

Neno zito hapo ni hatua. Shangazi alipotia nne kwenye maumivu, ile nne haikuwa na mahali pa kwenda isipokuwa kwenye jedwali. Utafiti ni utafiti, si kliniki, na mwanafunzi alikuwa wazi kuhusu hilo tangu mwanzo. Lakini alituachia kitu kingine. Alituambia kuna kipimo cha Kiafrika, kilichotengenezwa na APCA, chama cha tiba shufaa cha Afrika chenye makao Kampala. Kina maswali kumi tu. Saba ni ya mgonjwa: maumivu, dalili nyingine, wasiwasi, kama ameweza kumwambia mtu anavyojisikia, kama maisha yana maana, kama ana amani, kama amepata ushauri wa kuipangia familia kesho yake. Matatu ni ya anayemuuguza, jambo ambalo ile fomu ya Ulaya haina kabisa. Kinauliza kama umepewa maelezo ya kutosha, kama unajiamini katika kumhudumia, kama una wasiwasi. Na majibu yanatolewa kwa mkono. Ngumi ni sifuri, vidole vitano ni tano. Hakuna kusoma, hakuna kalamu.

Binti yake alinunua daftari la shule. Kila Jumapili asubuhi, Sabato ikiwa imepita na wageni wameondoka, alimwuliza mama yake na kuandika vidole. Shangazi alilalamika kwamba maswali hayana adabu: kwenye maumivu vidole vitano ni vibaya, kwenye amani vitano ni vizuri, mkono uleule. Ni kweli, ndivyo kilivyo. Wiki ya pili, maumivu yalikuwa vidole vinne. Nesi wa tiba shufaa alipoona daftari hakuuliza "mama anaendeleaje", swali ambalo jibu lake ni mbuya. Alisoma mstari, akaongeza mofini ya maji, akaeleza inapimwaje na inapewa saa ngapi, akatuandikia na dawa ya kulainisha choo kwa sababu mofini inafunga tumbo. Wiki ya tatu, vidole viwili.

Ninalo lile daftari sasa. Kuna wiki 19. Maumivu yanapanda, yanashuka, yanapanda mwishoni. Meza ilibaki yake kwa wiki 14. Baada ya hapo stenti iliziba, akarudi kwenye uji, na uji ukawa vijiko. Safu ya amani haipungui chini ya tatu hata mara moja. Safu ninayoirudia zaidi ni ya mwuguzaji, kwa sababu binti yake alikuwa anajiuliza mwenyewe na kujiandikia. Kujiamini: 1, 1, 2, 2, 4. Wasiwasi: 5, 5, 5, 4, 5. Hakumwonyesha mtu. Kama si zile safu tatu, tungesema alikuwa jasiri, na tukaishia hapo.

Kaka yetu mkubwa alikuja wiki ya nane, akakaa siku kumi. Jumapili mbili zile mwandiko ni wake, herufi kubwa za mtu wa ofisini. Kwenye swali la kama mgonjwa ameweza kumwambia mtu anavyojisikia, wiki iliyotangulia kuna vidole vitatu. Wiki ya nane ameandika vitano. Ya tisa, vitano.